Picha ya Miezi Mitano

Saa nane na dakika ishirini mchana, ofisa wa dirisha la nne aliifunga pasipoti ya mtoto bila kuigonga muhuri. Aliilaza juu ya kaunta akaiwekea kiganja, kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke. Upepo haukuwepo, madirisha ya ukumbi wa kuondokea wa uwanja wa ndege hayakuwa ya kufunguka.

"Bibi," alisema, "huyu siye."

Msusi alidhani vipaza sauti vimemziba masikio. Alikuwa mwanamke wa karibu miaka sitini, mwenye vidole gumba vilivyopinda kwa kusuka vichwa vya watu tangu usichana wake. Mkono mmoja ulishika mkoba. Wa pili ulimshika mjukuu wake wa miaka minne, ambaye nyumbani na mtaani aliitwa Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

"Siye nani, mwanangu?"

"Siye huyu wa kwenye picha."

Akaifungua tena pasipoti na kuigeuza. Msusi aliinama kuitazama. Alikuwa hajaikazia macho picha ile kwa muda mrefu. Pasipoti ilikaa kabatini ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya mashuka. Mtoto mchanga aliyemo alikuwa na mashavu yaliyoimeza shingo, ufizi mtupu, na macho yaliyokuwa yakifuata kitu kilicho juu kidogo ya kamera.

"Hapo ana miezi mitano," alisema. "Sasa ana miaka minne. Ulitaka abaki vile vile, nije naye mgongoni?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Ofisa hakucheka. Alikuwa kijana aliyepiga shati lake pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama wima.

"Na pasipoti bado inatumika," msusi aliendelea. "Niliwafuata wenzako ofisini nikawauliza habari ya picha. Wakaniambia ina mwaka mzima mbele yake, nisiwapotezee muda."

"Kutumika ni jambo moja, sura ni jambo jingine. Hapa pameandikwa jinsia, mwanamke. Wewe umeniletea mvulana."

Kosa hilo lilikuwa la msusi mwenyewe.

Binti yake, mama wa mtoto, ndiye aliyemtia hofu. Wiki iliyopita alimwambia kwenye simu: "Mama, picha ile ni ya zamani mno, naogopa watatusumbua." Msusi aliliwaza jambo hilo mchana akiwa kazini, kidole kikipita juu na chini ya kidole. Mtoto wa kwenye picha hakuwa na nywele za kutajika. Chiriku alikuwa nazo hadi mabegani. Kwa mtu aliyetumia maisha yake kuwabadili watu sura kwa kuwabadili nywele, jawabu lilikuwa wazi: ukiziondoa nywele, picha na mtoto watakutana.

Basi jana alasiri alimkalisha kwenye kigoda, akamfumua mistari aliyomsuka Jumapili, akakata kwa mkasi, kisha akaazima mashine kwa kinyozi wa jirani. Kinyozi alisimama mlangoni akitazama. "Wewe msusi mzima," alisema, "leo unanyoa mtaji?" Nywele zilipokuwa zikianguka sakafuni alikumbuka mwaka ule zilipoanza kushikika, fupi kama manyoya ya kifaranga, akalazimika kuzifunga kwa uzi kwa kuwa hazikusukika. Alikumbuka Jumapili zote, kichwa kikiwa kimelala pajani pake na mdomo ukiendelea kuongea mpaka usingizi ulikate neno katikati.

Kazi ilipoisha, Chiriku alijitazama kwenye kioo cha wateja. "Bibi," alisema, "nimekuwa mjomba."

Sasa ofisa aliegemea kaunta akamsemesha mtoto mwenyewe. "Hujambo? Unaitwa nani?"

"Chiriku."

Ofisa alisoma jina refu lililokuwa kwenye pasipoti, majina matatu kwa ukamilifu wake. Chiriku aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa.

"Hilo ndilo jina lako, mama," msusi alimnong'oneza.

"Hapana, hilo ni la hospitali."

Sasa foleni nzima ilicheka. Mwanamume mwenye kofia, aliyekuwa nyuma yao na sanduku la magurudumu, alisema kwa sauti ya kusikika: "Akili ni nywele, bibi. Na wewe umezinyoa zote." Msusi alimvuta mtoto karibu zaidi na sketi yake.

"Barua ya wazazi ninayo hapa," ofisa alisema, akishusha sauti, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Ina mihuri yote. Inamruhusu mtoto wa kwenye pasipoti asafiri nawe. Haisemi kwamba huyu uliyemshika ndiye huyo. Watoto wanaibwa, bibi. Wanapitishwa hapa hapa na watu wazima wenye nyuso za heshima kuliko yako."

"Mimi nimwibe mjukuu wangu?"

"Sijasema umemwiba. Nimesema sioni ushahidi. Rudini nyumbani, mkachukue pasipoti yenye sura ya leo, muombe kibali upya."

"Kibali chake cha kuingia kinakwisha kesho."

"Ndiyo maana nimesema upya."

Neno hilo "upya" lilimpiga msusi kifuani. Kibali cha kwanza kilikataliwa wiki ile ile wazazi walipokuwa wanafunga mizigo. Wakaondoka wawili, mtoto wa miezi saba akabaki. Cha pili kilikaa karibu miaka mitatu kwenye meza za watu wasioonekana. Tiketi yenyewe ilikuwa ya bei ya chini, ya kutobadilishwa wala kurudishwa fedha, na ilikuwa imenunuliwa kwa zamu za usiku ambazo binti yake alizifanya akipiga deki hospitali ya ugenini.

"Mkae pale," ofisa alisema, akionyesha benchi. "Nihudumie wengine."

*

Benchi lilikuwa la chuma lenye matundu. Chiriku aliingiza kidole katika tundu moja, akatoa, akaingiza katika jingine, huku akieleza kwamba kila tundu ni nyumba ya mtu, na kwamba watu wote wametoka.

Hapo ndipo msusi alipojiwa na wazo ambalo hakulialika. Angeweza kurudi. Usiku Chiriku angelala ubavuni mwake na kumtupia mguu tumboni kama kawaida. Kesho angekaa kwenye kigoda kando ya wateja, akiwapa habari za mtaa ambazo hakuna aliyemtuma azichukue. Hakuna ambaye angemlaumu. Serikali ndiyo iliyokataa. Binti yake angelia, lakini hata yeye asingemlaumu. Na msusi mwenyewe, aliyetakiwa kurejea peke yake baada ya wiki mbili, kwenye chumba chenye mto mmoja uliozidi, asingelazimika kurejea hivyo.

Alilipima wazo hilo kama apimavyo urefu wa uzi. Lilitosha.

Kisha macho yake yaliangukia mlango wa kioo wa wanaoondoka. Siku ile ya kuondoka, binti yake alipita pale pale. Ilikuwa siku ya jua kali, lakini alikuwa amevaa koti zito na kulifunga hadi shingoni. Watu walimtazama, wakadhani ni mshamba anayejiandaa kwa baridi kabla ya wakati. Msusi peke yake ndiye aliyejua kwamba koti lile lilikuwa linaficha blauzi iliyolowa maziwa. Alipofika mlangoni hakugeuka nyuma. Chiriku, mgongoni kwa bibi yake, alikuwa amelala.

Msusi alisimama, akarudi dirisha la nne, akampita mwanamume mwenye kofia bila kumwomba radhi.

"Mwanangu," alimwambia ofisa, "niitie mkubwa wako."

"Bibi, mkubwa wangu atakwambia haya haya."

"Basi na aniambie yeye."

*

Msimamizi wa zamu alikuwa mwanamke mwenye mvi pembeni mwa paji, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Aliwapokea katika chumba chenye meza moja, viti vitatu na saa ya ukutani. Hakutabasamu wala hakununa. Alisoma barua ya wazazi tangu mwanzo hadi mwisho, akasoma kibali, akaiacha pasipoti kuwa ya mwisho.

"Anaangalia nini hapa?" aliuliza, akiwa ameiweka picha karibu na macho.

"Funguo," msusi alisema. "Mpiga picha alikuwa anatikisa funguo za duka lake. Tulijaribu makofi, tukajaribu mluzi, mtoto anatazama chini tu. Alipotoa funguo, ndipo akainua uso. Mama yake alicheka hadi akakaa sakafuni."

Alishangaa kusikia sauti yake imelainika. Siku ile ilimrudia yote: kiti kilichofunikwa shuka jeupe, mikono yake mwenyewe ikimshika mtoto kwa nyuma, jasho la kichwa kidogo viganjani mwake, na binti yake wa wakati ule, mwembamba, mwenye kicheko cha kuangusha mtu. Kicheko hicho kwenye simu hakikupita tena. Labda mitambo ilikuwa inakichuja.

"Ushahidi mzuri," msimamizi alisema, "lakini funguo siwezi kuziandika. Mpigie mama yake. Kwa video."

Simu iliita mara nyingi. Hatimaye kioo kikajaa uso wa mwanamke aliyevaa sare ya buluu, nyuma yake ukuta wa vigae vyeupe.

"Mama? Mmeshapanda?"

"Bado. Kuna mkubwa hapa anataka kukusemesha. Usishtuke."

Msimamizi aliichukua simu, akajitambulisha kwa cheo, akaeleza tatizo kwa sentensi fupi. Kisha akauliza: "Mwanao ana alama yoyote mwilini? Isiyoonekana kwenye picha, ambayo mgeni hawezi kuijua?"

"Anayo," mama alisema papo hapo. "Kiunoni nyuma, upande wa kulia, ana baka la buluu. Kubwa kama yai. Alizaliwa nalo."

"Naomba nimtazame," msimamizi alisema.

"Mtazame," msusi alijibu. "Mficha uchi hazai. Lakini..."

Msimamizi alikwisha piga magoti. Aliinua fulana ya mtoto kwa vidole viwili, kwa adabu. Chiriku alijipinda kutazama mgongo wake mwenyewe. "Mnanitafuta nini?"

Kiuno kilikuwa safi, rangi moja, kama chungu kilichotoka mkononi kwa mfinyanzi leo. Msimamizi aliangalia kulia, akaangalia na kushoto isije ikawa mama amechanganya pande. Akashusha fulana.

"Hakuna kitu," aliiambia simu.

"Haiwezekani," mama alisema. "Tazama tena. Upande wa kulia. Nilikuwa nalibusu."

"Limefutika, mwanangu," msusi alisema.

Ofisa kijana, aliyekuwa amesimama mlangoni, alivuta pumzi. "Leo naona kila kitu kimefutika."

"Wewe nyamaza," msimamizi alimwambia, bila ukali.

Kwenye simu, nyuma ya mama, mtu alipita akisukuma kitoroli. Magurudumu yalisikika mpaka yakaisha.

"Limefutika lini?" mama aliuliza.

Msusi alitafuta siku hiyo, asiipate. Alimwogesha mtoto kila jioni kwenye beseni la plastiki, nyuma ya chumba, maji yakiwa vuguvugu. Mwanzo baka lilikuwa na rangi ya wino. Kisha likawa kama wino uliomwagiwa maji. Jioni moja alipopitisha sabuni aligundua kwamba kwa muda fulani amekuwa akisugua mahali pasipo na kitu. Hakujua muda huo ulianza lini. Alikaa na kipande cha sabuni mkononi, akajiambia atampigia binti yake amweleze. Kisha akaona si habari ya kumwambia mtu aliye mbali.

"Sijui," alisema. "Liliondoka kidogo kidogo."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje, mama?"

Mwanamke wa kwenye simu alijifuta uso kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na glavu. Msusi aligeuza macho. Alikuwa amejiandaa kudhalilishwa mbele ya watu wale, alijiandaa tangu nyumbani. Hakuwa amejiandaa kwa binti yake kudhalilika.

"Mabaka ya aina hiyo hufutika," msimamizi alisema, akiwaambia wote, kama anayesoma taarifa. "Watoto wengi huzaliwa nayo. Kwa hiyo kutokuwepo kwake hakumthibitishi mtoto, na hakumkanushi. Mama, usikate simu."

Aliivaa miwani, akavuta droo, akatoa lenzi ya mkononi. Akamgeukia mtoto.

"Chiriku. Angalia ile saa ukutani. Niambie mshale mwembamba unafanya nini."

"Unakimbia," Chiriku alisema, akageuza shingo. "Unawakimbia wenzake. Yule mnene hatembei, ameshiba."

Alipokuwa akiendelea kueleza, sikio lake la kushoto lilikuwa limeelekea mwanga wa dirisha. Kwa kuwa kichwa kilinyolewa, lilionekana lote, kuanzia mzizi. Msimamizi alitazama sikio, akatazama picha kwa lenzi, akarudia. Katika picha ile mtoto aliyefuata funguo aligeuza uso kidogo, kosa ambalo siku hizi mashine zingelikataa. Sikio la kushoto lilikuwa limeingia.

"Njoo," alimwita ofisa kijana. "Uliangalia nini dirishani?"

"Uso, mkuu. Mashavu, macho, kidevu."

"Hivyo vyote ni vya kuhamahama kwa mtoto. Sikio hukua lakini haliachi umbo lake. Ona ukingo wa juu hapa, umebanwa kama ukurasa uliokunjwa pembe. Ona ndewe hapa chini, imeshikana na shavu, haining'inii. Sasa ona kwenye picha."

Ofisa alitazama kwa muda. Alikuwa kijana mwadilifu. Hakuharakisha kukubali ili kumfurahisha mkubwa. Alichukua lenzi mwenyewe, akaishika mbali na karibu.

"Kweli, mkuu," alisema mwishowe. "Na kuna kitone hapa, mbele ya tundu."

"Hicho sikukiona. Kiandike."

Msusi naye aliomba kutazama. Pembe ile ya sikio aliijua kuliko kiganja chake; kila Jumapili aliikunja chini kwa ncha ya kitana asiikwaruze. Hakuwahi kuiona kuwa kitu. Aliiona sasa ndani ya picha, ndogo kama punje, na mtoto wa miezi mitano akafanana na Chiriku ghafla, akawa yeye kabisa, na yule ambaye kwa nusu saa nzima alikuwa amegeuka mgeni akarudi kuwa wao.

"Mama," msusi aliiambia simu, "wamempata."

*

Muhuri uligongwa saa tisa kasoro dakika tano. Ofisa kijana mwenyewe aliwabebea mkoba hadi mlango wa kupandia. Njiani alimwuliza msusi kama anajua kusuka nywele za wanawe wawili wasiotaka kuguswa kichwa, mkewe ameshindwa.

"Wape kitu cha kuongea," msusi alisema. "Anayeongea hasikii maumivu."

"Basi huyu wako hajawahi kuumia," ofisa alisema.

Waliingia wa mwisho. Mwanamume mwenye kofia alikuwa ameshafunga mkanda. Alipowaona aliivua kofia, akaonyesha kipara kilichong'aa. "Usijali, mjomba," alimwambia Chiriku. "Tuko wawili." Msusi, ambaye alikuwa ameazimia kutomsamehe, alijikuta anacheka, na kicheko kilipoanza hakikumtii, kikawa kirefu kuliko mzaha wenyewe, mpaka mhudumu akaja kuuliza kama anahitaji maji.

Katika ndege Chiriku alilala kichwa kikiwa pajani pake. Mkono wa msusi, kwa mazoea, ulikwenda kichwani kutafuta pa kushika. Haukupata, ukatulia juu ya kichwa kitupu. Chakula kilipokuja alimwamsha mtoto akamlisha. Trei yake mwenyewe iliondoka kama ilivyokuja.

*

Asubuhi iliyofuata, ofisa wa uhamiaji wa kule walikoshukia aligonga muhuri pasipoti zote mbili bila kuinua macho.

Nje ya mlango palikuwa na kizuizi cha chuma na watu waliosimama nyuma yake. Mama alikuwa miongoni mwao, peke yake. Baba alikuwa zamu, angekuja jioni. Mama alikuwa ameshika koti dogo jekundu. Msusi alimwona kabla hajaonwa. Binti yake alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa amezikata nywele zake mwenyewe, asisukwe na mtu. Macho yake yalipita juu ya msusi, yakashuka kwa mtoto, yakapita, yakatafuta nyuma yao msichana mwenye mistari ya nywele aliyemzoea kwenye simu. Kisha yakarudi.

"Mama," alisema polepole. "Ndiye huyu?"

"Ndiye."

Chiriku alikuwa ameingia nyuma ya sketi ya bibi yake. Mama alichuchumaa, hakumgusa. Mtoto alichungulia kwa jicho moja.

"Wewe ndiye wa kwenye simu?"

"Ndiye mimi."

"Wa kwenye simu ni mdogo."

Watu walipita na masanduku, wakawazunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Msusi aliuacha mkono wake uning'inie, asimsukume mtoto wala asimshike.

"Sema," Chiriku aliamuru.

"Niseme nini?"

"Sema anavyosema yule."

Mama akauliza swali ambalo aliliuliza kila jioni, simu ilipoinuliwa mbele ya uso wa mtoto na kabla ya jambo lingine lolote.

"Umekula?"

Chiriku alisikiliza. Alitoka nyuma ya sketi.

"Mimi nimekula," alisema. "Bibi ndiye hakula."